Sakafu ya Moto Mwezi wa Saba

Mama Daon alivua viatu mlangoni, akakanyaga ndani, na papo hapo akajua kuna jambo. Sakafu ilikuwa ya moto. Ilikuwa katikati ya Julai, mji mzima wa Bucheon unatiririka jasho, mvua imepumzika siku mbili tu, na humu, katika nyumba iliyozama nusu ardhini, mtu alikuwa amewasha mabomba ya maji moto chini ya sakafu kana kwamba nje kuna theluji.

"Ingia basi, mbona umeganda?" Bi Pyo, mwenye nyumba, alimwita kutoka jikoni huku akijipepea. "Piga picha zako upesi. Mpangaji anakuja saa tisa."

"Joto la nini hili, mama?"

"Gundi ya ukutani haijakauka. Karatasi imebandikwa jana tu. Nyeupe kama wali, si unaona?"

Mama Daon aliona. Aliweka kiganja ukutani karibu na sakafu, akakiondoa kikiwa na unyevu. Gundi haikai hivyo.

Kwa miaka minane alikuwa akimpigia picha za nyumba dalali Maeng. Shule aliishia ile ya kati, akashona glavu kiwandani, akaolewa na fundi wa meli anayerudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Kamera alijifunza mwenyewe. Kabla ya hapo aliwahi kuhamia nyumba aliyoichagua kwa kutazama picha, picha nzuri zenye mwanga kila kona. Baridi ilipoingia, kuvu nyeusi ilipanda ukutani pale alipolala Daon, na mtoto akakohoa mpaka miti ikachanua. Tangu siku hizo hakuficha kitu. Ufa aliuwekea kiberiti pembeni ili ukubwa wake uonekane. Bomba linalovuja alilipiga likivuja. Wenye nyumba walimnunia, lakini Maeng alimvumilia, kwa kuwa wateja walioletwa na picha zake hawakurudi kugombana.

Ila Bi Pyo alikuwa na majengo manne mtaani, na yote yalipita mikononi mwa Maeng.

Alipiga dirisha, akapiga jiko, akapiga choo. Kila ukuta ulitoka mweupe, msafi, usio na neno. Akajiuliza: kitu kilichobandikwa karatasi juu yake unakipigaje picha? Kisha akafungua kabati la ukutani. Humo mafundi hawakujisumbua. Karatasi ilikuwa ya zamani, na mstari wa kahawia uliizunguka pande zote, umenyooka kama umechorwa kwa rula. Ulimfika kiunoni. Alivuta tepu ya fundi kutoka sakafuni hadi kwenye mstari. Akapiga.

"Hiyo ya nini?" Bi Pyo alikuwa nyuma yake. "Mpangaji ataishi kabatini?"

"Maji yaliingia humu, mama. Mwaka gani?"

"Zamani. Futa."

"Mama mwenye nyumba..."

"Nimesema futa!" Alikwisha kumpigia Maeng na kuiweka simu katikati yao, sauti juu. "Bosi Maeng, huyu mtu wako anapiga picha au anafanya upelelezi?"

Maeng alikohoa. "Mama Daon, ifute tu, tafadhali. Daon ana mtihani wa kuingia chuo mwaka huu, si ndiyo? Sitaki kutafuta mpiga picha mwingine, na wewe hutaki kutafuta bosi mwingine. Tumeelewana?"

Kidole gumba cha Mama Daon kilikuwa juu ya kitufe cha kufutia. Akilini alimwona Daon akiwa ameinamia vitabu. Kubonyeza mara moja tu, na kesho ingekuwa siku kama nyingine.

Mlango ukagongwa kabla ya saa tisa. Aliingia binti mmoja mwembamba, jina lake Seol-a, soksi nene miguuni, kitoto kimefungwa kifuani. Alikanyaga sakafu, akasimama. Macho yakamjaa machozi.

"Umenipashia sakafu moto," alimwambia Bi Pyo, akainama sana, mkono ukishika kichwa cha mtoto. "Nina siku thelathini tu tangu nijifungue. Hata mama mkwe wangu hakukumbuka."

Bi Pyo alisita kidogo, kisha akatabasamu. "Nani atamwacha mzazi akanyage baridi?"

Mama Daon aliielewa shukrani ile. Yeye mwenyewe alijifungua Agosti, na mama yake alimwashia sakafu na kumfunika blanketi mpaka akatokwa na vipele vya joto, asije akaumwa mifupa uzeeni. Binti huyu alikuwa tayari kutia saini kwa sababu ya joto alilolisikia nyayoni.

"Hakuiwasha kwa ajili yako, mwanangu," alisema, na sauti ikamtoka kavu. "Anakausha kuta."

"Funga mdomo wako!"

"Huyo mtoto atalala wapi? Chini, si ndiyo?" Akafungua kabati. "Maji yalifika hapa. Uguse ukuta mwenyewe."

Seol-a aliugusa. Alikitazama kiganja chake, akautazama mstari, akamkumbatia mtoto kwa mikono miwili. Alirudi mlangoni, akavaa viatu bila kuvikaza, akapanda ngazi kwenda mtaani.

"Umefurahi sasa?" Bi Pyo alitetemeka kwa hasira. "Mama mzima huna huruma na riziki ya mwenzio?"

"Sijafurahi hata kidogo," alisema Mama Daon, na ndivyo ilivyokuwa.

Ofisini Maeng hakumkaribisha kiti. Alinyoosha mkono, na Mama Daon akampa kamera, kwa kuwa ilikuwa mali ya ofisi.

"Umeifuta?"

"Hapana, bosi. Ifute wewe, kwa kidole chako."

Maeng aliitafuta ile picha. Aliitazama tepu, akausoma urefu, akaitazama tena. Kidole chake kilikaa juu ya kitufe, na hakikushuka.

"Usije kesho," alisema mwishowe, bila kuinua macho.

"Nimesikia."

Mama Daon akatoka, akapita kwenye duka la vyakula vilivyopikwa na kusoma karatasi za kutafuta wafanyakazi zilizobandikwa kiooni, moja baada ya nyingine, huku akipanga atakavyomwambia Daon.