Msimamizi Asiyepita Mlangoni

Nianze na mende, kwa sababu ndio wanaotulisha. Kampuni yetu inaua wadudu majumbani na madukani, na mimi, Carolyne, ni mmoja wa wanawake wanaopiga dawa. Nimeinua zulia la bei mbaya nikakuta panya ameoza akagandana nalo. Nimefungua kabati la jikoni mende wakaniangukia shingoni. Hayo nimeyazoea. Kinachonichefua hadi leo ni beji ya Jeremy.

Lakini habari hii ni ya Loise, Mama Dancan, mwanamke wa Mwingi ninayelala naye chumba kimoja huku Muhaisnah, Dubai, yeye kitanda cha chini, mimi cha juu. Kabla yake, kampuni haikuwa na fundi mwanamke, sembuse mwanamke mweusi. Yeye aliajiriwa kudeki ofisi. Siku moja saluni ya wanawake ya Al Garhoud ikapiga simu ikilia mende, na mafundi wote walikuwa wanaume. Saluni kama zile mwanamume haingii. Ndani wateja wako vichwa wazi. Arbab, mwenye kampuni, akatazama huku na huku, akamwona Loise na ndoo yake. Akamwuliza kama anaogopa mende.

"Wao ndio huniogopa, sir," Loise akasema.

Akapewa viatu vya mwanamume aliyeacha kazi, vikinuka hadi nje, na barakoa iliyovaliwa na mwingine. Akaingia. Baada ya saluni zikafuata nyumba za Al Warqa, zile ambazo bwana asipokuwepo fundi mwanamume hapiti geti. Madam Raghad, mjane anayeishi na binti zake, alipomwona mara ya kwanza alipiga simu ofisini kuuliza kwa nini ameletewa Mwafrika. Loise akapiga magoti chini ya sinki lake na kufanya kazi. Alipoomba maji, alipewa kwa kikombe cha karatasi, na alipomaliza kikombe kikatupwa mbele ya macho yake. Mtu ana mende hadi kwenye mkebe wa bizari, halafu anamwonea kinyaa binadamu! Siku hizi Madam Raghad hataki fundi mwingine ila Loise. Humwita kwa jina, humwuliza hali ya mtoto. Kikombe bado anakitupa.

Kwa mlango ule alioufungua Loise ndipo tulipoingia sisi wengine, kwanza mimi, kisha Phyllis. Loise ndiye aliyetufundisha. Kwa hiyo arbab alipotangaza kwamba kikosi cha wanawake kitapata msimamizi, mtu wa kukagua kila nyumba kabla dawa haijapigwa, hatukuwa na haja ya kuulizana ni nani. Loise alifua sare yake, akaipiga pasi mara mbili.

"Carol, hii kazi naitaka," aliniambia bila kuficha. "Magoti yangu yameisha chini ya sinki za watu."

Sherehe ya kumtangaza msimamizi ilifanywa katika hoteli moja ya Al Garhoud. Jina likatajwa: Jeremy. Huyu Jeremy ni Mkenya mwenzetu wa ofisini, mtu wa kupokea simu na kujipulizia marashi, ambaye hajawahi kubeba pampu ya dawa. Kikulacho ki nguoni mwako. Loise akaitwa jukwaani, nami nikadhani labda kuna makosa yanarekebishwa. Kumbe ameitwa ampe Jeremy maua. Akampa. Jeremy akashika kipaza sauti, akasema anajivunia kuwa sauti ya mwanamke Mwafrika. Nikasukuma sahani yangu ya samaki kando. Asante ya punda ni mateke, tunajua, lakini hata punda hatumwi kumpelekea maua anayempiga.

Kesho yake Jeremy alituendesha hadi Al Warqa, beji mpya ya msimamizi ikimwakia kifuani. Tulipofika kwa Madam Raghad, Loise hakushuka.

"Mama Dancan, yalla, tumechelewa," Jeremy akasema.

"Msimamizi hukagua kwanza. Nenda ukague, sisi tunangoja."

"Si unajua siwezi kuingia hapo? Hakuna mwanaume ndani."

"Najua."

Phyllis akakunja mikono. Nami nikakunja yangu.

"Wacheni hizo, please. Si sisi ni watu wa nyumbani?"

"Jana ulipokuwa na kipaza sauti mkononi, nyumbani kulikuwa wapi?" Loise akamwuliza.

Jeremy akashuka, akabonyeza kengele. Geti likafunguka kidogo, ikasikika sauti ya madam ikifoka, kisha likafungwa puani pake. Akabaki juani na tochi yake. Madam Raghad mwenyewe akapiga simu ofisini, na baada yake saluni tulikokuwa tunangojewa ikapiga pia. Kufika jioni arbab alikuwa amechoka kelele.

"Khalas, yaishe," akamwambia Loise. "Wewe ndiye msimamizi."

Hakuna hongera, hakuna maua. Alichukua beji ya Jeremy, akabandika karatasi yenye jina la Loise juu yake kwa utepe wa gundi, akaisukuma mezani. Herufi ya J ilichungulia pembeni. Ilinuka marashi yake.

"Ningemtupia arbab usoni," nilimwambia Loise chumbani.

"Nitupe, halafu nani aivae?"

Aliipeleka bafuni, akaisugua kwa sabuni tunayoogea tukitoka kwenye mende. Karatasi ikabanduka. Jina la Jeremy akalikwangua kwa kisu hadi likaisha. Likabaki neno "Msimamizi" peke yake, akalivaa hivyo.

Tuliporudi kwa Madam Raghad, Loise alitangulia na tochi. Hakupiga magoti, alituonyesha sisi pa kupiga. Madam akaja na maji, kwenye kikombe cha karatasi kama kawaida. Loise akakipokea, akakimulika ndani na tochi, kisha akamrudishia kwa heshima zote.

"Samahani, madam," akamwambia kwa Kiarabu alichojifunza humo humo majikoni. "Nyumba hii ina mende. Siwezi kunywa humu."

Phyllis alikimbilia nje kucheka. Mimi nilibaki, nikatazama kikombe kikirudi jikoni kimejaa.