Kidari cha Mzee Kastori

Walimu waliosoma chuo kimoja kabla ya Uhuru walikutana kila Julai, shule zikifungwa, wakachinja mbuzi. Mkubwa kwa umri alipewa kidari akikate kwa mkono wake na kuwagawia wenzake. Mkubwa alikuwa Kastori, aliyeingia chuoni ameshaota ndevu.

Kisha wenzake wakaanza kupandishwa ndege. Mmoja semina ya ushirika, mwingine ujumbe wa Chama. Walirudi na masweta, na maradhi yenye majina marefu. Bila mtu kutamka lolote, kidari kikahamia kwa mwenye habari kubwa. Miaka miwili mfululizo Kastori alitupiwa shingo.

"Mwaka huu nakidai," alimwambia mkewe Leonia, akivaa koti.

"Kwa habari gani, baba? Mwisho wako wa dunia ni Same."

Kutoka Chekereni alikolima mpunga hadi Njoro kwa Ebenezeri, mwenyeji wa mwaka huo, alitembea. Basi lilikuwa halina mafuta. Alifika hana hata jasho, na hilo peke yake lilimshushia heshima.

Ebenezeri alikuwa ametoka Bulgaria. "Kule, bwana, daktari anakupima mpaka kucha. Mimi nina moyo mpana."

"Wangu wameupiga picha Berlini," alisema Gabriel, akipanga vidonge vyake kando ya kibuyu cha mbege, pombe ya ndizi. "Presha, figo, na mgongo. Matatu kwa mpigo!"

Wakacheka kama vijana waliofaulu mtihani. Ebenezeri akamgeukia Kastori. "Na wewe, Mwalimu? Bado uko vilevile?"

Kastori alikitazama kidari kilichokuwa kikitoa moshi kwenye sinia. Baba yake alikikata kidari kama hicho mbele ya ukoo mzima, wala hakuna aliyemuuliza figo zake.

"Sukari," alisema.

Gabriel akaacha kupanga vidonge.

"Sukari!" Gabriel akashangaa. "Umeipata wapi, na dukani tangu Pasaka hakuna?"

"Imepanda. Daktari mwenyewe alishika kichwa."

Wakainuka, wakampa mkono mmoja mmoja. Ebenezeri alimtoa kwenye benchi, akamketisha kwenye kochi. Akamkabidhi kisu kwa mikono miwili, kama zamani. "Kidari ni chako, mkubwa wetu. Tulikuwa tumepotoka."

Mkono wa Kastori ulitetemeka kwa furaha, nao wakatikisa vichwa kwa huruma wakidhani ni ugonjwa. Alikata. Alimpa mdogo kuliko wote, akapanda kwa umri, sawasawa na desturi, hadi kikabaki kipande cha mwisho chenye mafuta. Alipokifikisha mdomoni, Gabriel alimdaka mkono.

"Unataka kutufia hapa?"

"Kipande kimoja tu, jamani."

"Hata harufu! Mafuta haya mtu wa sukari yanammaliza." Gabriel akakitia kinywani mwake, akakisukuma kwa vidonge viwili na mbege. Kibuyu cha Kastori nacho kikaondolewa.

Kastori alifungua mdomo aseme kweli. Akawaona wote wanamtazama kwa heshima, kisu bado kiko mkononi mwake. Akaufunga.

Akaletewa mchicha wa kuchemsha. Akauonja, akanyoosha mkono kwenye kibakuli cha chumvi. Ebenezeri akakisogeza mbali.

"Chumvi ni presha, Mwalimu."

"Sina presha."

"Utapata tu," alisema Gabriel, akimpigapiga begani. "Usikate tamaa."