Sindano na Walinzi Watatu

Dada yangu mkubwa, ambaye mtaa mzima unamwita Sindano, hana imani na mshono mmoja. Suruali ya mteja huipiga mshono mara mbili, na pale kwenye makalio mara tatu. Kwa suruali ni tabia nzuri. Kwa kompyuta ni balaa, na mpaka leo nikiikumbuka natamani kutema mate.

Kompyuta yenyewe iko sebuleni, pembeni ya meza ya kukatia nguo. Humo ndimo ilimokuwa michoro yake yote ya kukatia, ya miaka ishirini na miwili. Binti yake ndiye aliyemsaidia kuichora upya humo, baada ya panya kuanza kuzitafuna karatasi. Nakala nyingine hakuwa nayo.

Mkwewe, mume wa binti huyo, ni mjuaji kupindukia. Alisikia virusi vinameza mafaili ya watu, akaja na programu ya ulinzi ya bure.

"Mama, hii ndiyo funga kazi," alisema, huku akichokonoa meno kwa pini ya dada.

Funga kazi gani! Lilikuwa ombaomba lisilo na haya. Kila dakika tano liliruka katikati ya kioo na bango jekundu: uko hatarini, nunua toleo kubwa. Mkwe akaleta programu ya pili, ambayo sifa yake ni kwamba wenzake kazini wanayo.

"Sasa ile ya kwanza si tuitoe?" niliuliza.

"Iache," dada akasema. "Moja ikifumuka, nyingine inashika."

Mkwe, ambaye kwa ujuzi wake ndiye aliyepaswa kukataa, akasema, "Mama kasema kweli." Wiki iliyofuata akaleta ya tatu.

Hapo ndipo kinyaa kilipoanza. Zile tatu zikashikana mashati, kila moja ikimtangaza mwenzake kuwa ndiye kirusi. Kuiwasha kompyuta kukawa kazi ya nusu saa, na ukifungua mchoro wa blauzi, mabango yanauvamia kama inzi kwenye kidonda. Nilichukia hata kupita sebuleni.

Jumamosi asubuhi, bibi harusi mtarajiwa amekaa anasubiri gauni lake likatwe, likaja bango jipya: mafaili 340 yanatiliwa shaka, safisha yote? Dada akanigeukia, miwani imeshuka puani.

"Hivyo ndivyo virusi?"

Orodha sikuisoma. Nilikuwa nimechoka na uchafu ule.

"Safisha tu, dada, tupumue."

Akabonyeza. Programu yake ya kuchorea ni ya zamani, na walinzi wetu hawakuitambua, wakaihesabu michoro yake yote kuwa virusi. Folda ikabaki tupu. Mkwe alipopigiwa simu alisema yaliyosafishwa na programu hiyo hayarudi, kisha akasema yuko kwenye mkutano.

Dada hakunigombeza, na hilo ndilo linalonifanya niichukie nafsi yangu. Alichukua utepe, akampima yule bibi harusi upya, akatandika gazeti la jana mezani na kuanza kuchora kwa mkono. Pembeni yake kioo kilikuwa kijani kwa mara ya kwanza: hongera, kompyuta yako iko salama.