Kitanda cha Mfumi Nilichokichagua kwa Uongo

Watu wa wakati ule ninawakumbuka wote kwa majina, na majina ya mama zao, hata la yule askari mwenye kovu aliyekuja kuchukua wapagazi. Sitayaandika. Wengine wana wajukuu wanaosoma, na hili nitakalosema si lao, ni langu mimi.

Kijiji chetu kilikuwa ukingoni mwa nchi ya juu, upande wa Newala, mahali ambapo ukitaka maji unashuka bondeni alfajiri na kurudi jua limeshakuwa kali. Vita vya Maji Maji vilipofika Masasi na Wajerumani wakaja kulipiza, wanaume wetu walimalizika. Wengine walikimbilia porini, wengine walifungwa kamba wakabebeshwa mizigo ya askari. Ghala zilichomwa. Tukala ming'oko, vile viazi vya porini, na ming'oko ilipokwisha tukala tulichokiona. Wachuuzi wa nguo kutoka Lindi hawakupanda tena, na merikani, ile nguo nyeupe, hukuipata hata kipande cha kufungia kidonda. Watu wakarudia kuvaa magome ya miti.

Mimi nilikuwa nimetoka unyagoni mwaka huohuo. Nilikaa na bibi na babu, wazazi wa mama yangu. Bibi alikuwa ameanza kuvimba miguu, na uvimbe ule wa njaa tulikuwa tumeuona kwa majirani, tukajua unakwenda wapi. Naye alijua kuliko sisi.

Bibi aliletwa nchi hii akiwa mtoto wa kununuliwa. Babu alimwoa akiwa amekwisha kuwa huru, naye bibi akamzalia watoto saba, lakini yeye hakusahau. Kaniki, ile nguo nyeusi-nyeusi waliyovishwa watumwa, hakuitaka mwilini mwake miaka yote. Alikuwa nayo moja tu, ya kudekia. Sasa alikuwa na ombi moja.

"Niliingia hapa na kaniki," aliniambia. "Kaburini nataka kuingia na nyeupe."

Pamba ilikuwapo, ndiyo ajabu yake. Shamba la akida, mtawala mdogo wa Wajerumani, lile ambalo watu walichapwa viboko kulilima, lilikuwa limepasuka vitumba vyote na akida mwenyewe amekimbia. Nilichuma vikapu vitatu. Bibi akachambua mbegu, akasokota nyuzi za sanda yake mwenyewe, amelala ubavu, kijiti cha kusokotea kinazunguka kando ya mkeka. Alisokota mpaka vidole vikapasuka.

Kwetu wanawake husokota na wanaume hufuma. Babu alikuwa mfumi kabla merikani haijawafanya wafumi wote wakulima, na vitanda vyake vya kufumia vilikuwa bado vimelala darini. Lakini macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Kutanda nyuzi aliweza kwa kupapasa. Kuuona uzi mmoja uliokatika katikati ya nyingi, hapana. Na mwanaume mwingine hakuwapo. Basi akaniita mimi.

"Mke wangu," alisema, maana ndivyo babu anavyomtania mjukuu, "leo utavaa suruali."

Bibi akajibu kutoka ndani kwamba mke mwenzake huyu asimwonee wivu, mume mwenyewe meno hana.

Vitanda vilikuwa viwili. Kitanda chetu hakikuwa na maajabu: mti mmoja wa mwanzo, mmoja wa mwisho, vigingi vinne vya kuishika ardhini, na nyuzi zinatandwa katikati. Kilichotofautiana ni upana. Kimoja kilikuwa cha shibiri moja na vidole vinne. Kingine kilikuwa kipana cha dhiraa mbili na nusu, ambacho babu alikifumia ujanani, na wazee walipokitaja walishusha sauti.

Babu alisema anayeanza aanze na chembamba. Atafuma mikanda, mikanda itaunganishwa kwa sindano, sanda itapatikana. Mimi nikamwambia kwamba sanda haishonwi. Alicheka sana. Akasema nani kaniambia, na kwamba Mungu hahesabu mishono.

Ukweli ni kwamba sikuwa nafikiria sanda wala Mungu. Binti wa mama mkubwa, aliyetoka unyagoni pamoja nami, alikuwa amepita asubuhi ile na wenzake, akakiona kile chembamba kimeshushwa, akauliza kama sasa nitamfumia Mzungu mkanda wa suruali. Wenzake wakacheka. Kitanda chembamba kilikuwa cha kufundishia watoto wa kiume, na mimi nilikuwa mwali mzima niliyechezwa ngoma. Nikakaza shingo. Nikasema nataka kipana.

Babu hakunikatalia. Alikuwa na kipimo chake, na wote aliowafundisha walipita hapo. Anachomeka vijiti viwili mbele yako, kwa upana wa kitanda unachokitaka. Unakaa chini, mgongo kwenye nguzo ya baraza, miguu umeinyoosha. Unapitisha mti mwembamba wenye uzi wa kufumia kutoka kijiti mpaka kijiti, mkono huu unatoa, huu unapokea. Mgongo ukiachana na nguzo, kitanda kile si chako bado.

Nilikaa. Nikapitisha. Mgongo uliachana na nguzo kwa kiasi cha mtoto wa mbuzi kupita.

Babu alikuwa ameelekeza uso kwangu, lakini macho yale yaliona mwanga tu.

"Mgongo umeachana?"

"Haujaachana, babu."

"Rudia."

Nikarudia, nikainama vilevile, nikasema vilevile. Akafurahi. Alimwambia bibi kwamba mikono hii ni ya ukoo wake, si wa bibi. Siku mbili alitanda nyuzi zote za bibi kwenye kitanda kipana, akizihesabu kwa ncha za vidole huku akiimba taratibu. Nyuzi zikishatandwa, ukizing'oa nyingi hupotea, na uzi mwingine uliosokotwa hakuna.

Nikaanza kufuma. Kufikia mkono wa kushoto nililazimika kuegemea, na nikiegemea kiwiko kililala juu ya nyuzi. Nikijirudisha nilivuta. Nyuzi za katikati zililegea, za ukingoni zikakazwa, na kila nilipopigilia ule ubao wa kushindilia mbili tatu zilikatika. Nikaunga mafundo. Mafundo yakakwama, yakakata nyingine. Siku ya tisa nilikuwa na kitambaa cha shibiri mbili tu, kimejikunja kama jani la muhogo, na bibi alikuwa hawezi tena kukaa.

Babu akaja akapitisha kiganja. Alianzia kulia, akaenda kushoto, akarudi.

"Mke wangu, kitambaa hiki kimefumwa na mtu anayeinama."

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi na bibi yuko hatua nne kutoka nilipo, anasikia. Niliona haya mbele yake, basi nikasema, kwa sauti, ili wote wasikie:

"Si kuinama, babu. Ni nyuzi za bibi. Zimesokotwa vibaya, zinakatika zenyewe."

Aliyejibu ni bibi.

"Nisamehe, mjukuu wangu," alisema. "Vidole vyangu vimechoka. Nimekutesa bure."

Nilichukua kibuyu nikashuka bondeni kuteka maji, na maji nyumbani yalikuwapo.

Alikufa siku ya nne baada ya hapo, mchana. Wakaja wanawake wanne kumwosha. Walikitazama kitambaa kile kwenye kitanda cha kufumia, hakikutosha hata kifua. Gome la mti waliona si heshima. Wakapekua nyumba, wakaipata ile kaniki ya kudekia, wakaifua. Nilishika ncha moja kuikamua. Walipokuwa wanamfunga nayo mmoja alisema, kwa huruma tu, kwamba masikini, alijisokotea mwenyewe lakini mikono ilikuwa imekwisha, uzi haukuwa uzi. Wenzake wakaitikia. Hivyo ndivyo neno lilivyotoka nyumbani kwetu likaenda kijijini. Mpaka leo huko ukivuta kamba ikakatika utasikia mtu anataja uzi wa bibi fulani, na jina analolitaja ni la bibi yangu. Vijana wanaolisema hawajui hata alikuwa nani.

Arobaini ilipopita babu alikata kitambaa kile, akazifungua nyuzi zilizobaki, akachagua zilizo nzima. Akanipigia vigingi vya kitanda chembamba. Akanionyesha mkeka. Nilikaa nikafuma wiki nzima. Mgongo haukusogea. Ukatoka mkanda wa urefu wa mtu mzima, na uzi hata mmoja haukukatika.

Akaupitisha vidoleni mwake toka mwanzo hadi mwisho.

"Huu ndio uzi uleule?"

"Ndiyo, babu."

"Basi wapelekee waliomwosha. Wauvute wenyewe."

Niliuchukua kesho yake, nimeukunja chini ya nguo, nikashuka nao njia ya maji. Nilijua nitawakuta, na niliwakuta wote wanne wanasubiri zamu kisimani. Niliwaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba, wakaniuliza hali ya babu. Nikasema hajambo. Tukasema habari za mvua. Zamu yangu ilipofika niliteka, nikapandisha mlima, mkanda umelowa jasho ubavuni. Babu aliponiuliza nilimwambia wameuvuta, wamesikia.

Wanawake wale waliishi maisha marefu, njaa ikapita, Wajerumani wakaondoka, na mimi nikawa mtu mzima ninayeitwa misibani. Wote wanne nimewaosha mimi, mmoja baada ya mwingine, na nimewafunga sanda nyeupe za dukani. Hakuna hata mmoja niliyemwambia.