Udongo Aliouacha Kisauni

Nilikuwa Voi nikingoja gari la moshi la kurudi pwani, jirani mmoja wa Kisauni aliponiambia kwamba yule mama aliyekuwa akinilisha mchicha wakati wa Vita Vikuu vya Pili amefariki. Amefia katika chumba cha kupanga huko Changamwe, na amekwisha zikwa kwao Rabai. Nikauliza aliugua nini. Jirani akasema, "Aliugua kukaa bure." Wasomaji wangu wamezoea kunisikia nikisifu miji niliyopita na vyakula nilivyokula njiani. Leo sina safari ya kusifu.

Marehemu alikuwa mjane wa kuli wa bandarini. Kisauni alikuwa na nyumba yake ya udongo na makuti juu ya ardhi ya mtu mwingine, kama tulivyo wengi huku: nyumba yako, kiwanja si chako. Uani palitosha kutandika mikeka sita, si zaidi. Lakini mahindi yalipoadimika, watu wakashinda foleni wakingoja kibaba cha unga, yeye alikuwa na mchicha, kunde, bamia na muhogo, na mboga ya maboga iliyotambaa mpaka juu ya paa. Hakutupa kitu. Maji ya kuoshea vyombo yalikwenda kwenye bamia, majivu na mavi ya kuku kwenye mchicha, maganda yote shimoni mpaka yaoze. Nyanya alizipanda katika madebe yaliyotoboka. Alipohamia pale alikuta mchanga mtupu. Miaka kumi baadaye ukichimbua kwa kidole ulitoka udongo mweusi wenye minyoo. Nikimsifu alinicheka. "Wewe mwana wa njiani, kula unyamaze. Ungekaa mahali pamoja mvua mbili tu, ungejua haya si uganga."

Balaa nilimletea mimi. Nilirudi kutoka Tanga na mche wa mdimu, kwa kuwa ndimu ndicho kitu alichokuwa bado akinunua. Aliugeuza mkononi, asiuweke chini. "Mwenye ardhi hajaniruhusu mti," alisema. Pwani hii kila mtu anajua: mpangaji wa kiwanja hupanda cha kung'olewa msimu ukiisha. Mti wa matunda ni mali ya aliyeupanda, na mwenye mti hahamishiki kwa urahisi. Hata mimi nilijua. "Mti gani, mama? Si kijiti tu hiki!" Akaupanda.

Ulipotoa maua, mwenye ardhi, mzee wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani, alipita baada ya sala ya Ijumaa. Mimi nilikuwa barazani na sahani ya kunde. Hakupandisha sauti.

"Mama, mchicha kula. Muhogo kula, na mimi waniletea, Mungu akuzidishie. Lakini huu ung'oe. Nikifa mimi, wallahi, wanangu wataukuta mti wako, waanze kuulizana kiwanja ni cha nani."

"Haya, mzee. Jumatatu nitaung'oa."

Yangeishia hapo. Lakini mimi na elimu yangu ya sekondari niliona uonevu. Jioni ile nikamwandikia mama barua ya kumpelekea mzee, iliyojaa haki na fidia, nikamwambia atie dole gumba. Alisita. "Mwanangu, sisi na yule mzee husemezana tu." Nikamjibu kwamba nyakati zimebadilika.

Mzee alipoisoma aliliona lile aliloliogopa limeandikwa na kutiwa dole. Hakuja tena kusemezana. Alimpa miezi mitatu avunje nyumba yake. Mimi nilikuwa nimeshaondoka, niko Lamu, nakula samaki.

Jirani alinisimulia kwamba mama alichukua boriti, mlango na makuti yaliyofaa. Udongo haukuchukulika. Alijaza madebe mawili akayapakia juu ya mkokoteni, na kule Changamwe mwenye nyumba akamwambia ua wake wa saruji si shamba. Akayamwaga nje barabarani. Tangu hapo alinunua mchicha kwa mafungu, yeye aliyekuwa akigawa. Wiki iliyopita nilipita Kisauni. Pale pake pana mpangaji mwingine, na mchicha wake umemfika kiunoni. "Ardhi ya hapa ina baraka zake," aliniambia.

Wakati wa vita tulihimizwa tulime nyuma ya nyumba zetu, tukasifiwa tulipolima. Hakuna aliyetuambia kwamba mtu akiitia rutuba ardhi ya mwenziwe, siku ya kuondoka huiacha yote. Lakini sitamtupia mzee yule lawama yangu. Yeye alitaka mti ung'olewe. Aliyeing'oa nyumba ni mimi. Sisi tuliosoma tuna pupa ya kuwasemea watu, kisha tunapanda gari twende zetu. Nawe msomaji, siku utakaposhika kalamu kumtetea mtu, muulize kwanza atalala wapi barua yako ikishindwa. Na kama huwezi kukaa naye mpaka jibu lirudi, usiandike.