Swali la Koko Kwenye Sinema ya Padri

Juzi niliona kwenye televisheni rais fulani akionyesha kombora lake la nyuklia, na watu wazima wakalipigia makofi. Nilizima kwa hasira. Makofi yale nayajua.

Alasiri moja ya utotoni mwangu huko Kadutu, mashariki mwa Kongo, Wabelgiji wakiwa bado wanatutawala, padri alituonyesha sinema katika ukumbi wa parokia. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi, na palinuka makoti yaliyolowa mvua. Mashine ilinguruma, na ukutani moshi mnene ukapanda hadi mawinguni. Nilidhani ni volkano ya Goma. Volkano tuliijua: moto wake huteremka polepole, unapata muda wa kufungua mbuzi na kujitwika mkeka.

Koko, nyanya yangu, aliwahi kuukimbia moto huo. Naye alidhani hivyo hivyo, akasimama.

"Mon père, bale batu ba chini ya moshi balikimbilia wapi?" alimuuliza padri.

"Kaa chini, maman," padri alisema. "Ile iko bomu. Ilimaliza vita, na jiwe yake ilitoka hapa kwetu Kongo. Mupige mikono!"

Tukapiga makofi. Nilijaa fahari kwa ajili ya jiwe letu. Koko peke yake hakupiga. Alibaki amesimama, akingoja jibu.

Sasa najua kwamba waliokuwa chini ya moshi ule hawakupata hata muda wa kugeuka. Jiwe lile, madini ya urani, Wabelgiji walilichimba kwetu bila kutuuliza, kisha wakatudai makofi! Nyinyi wakubwa mnaokalia mabomu hayo na kuyaita amani, Koko bado amesimama. Mjibuni, au yavunjeni yote.