Bi Kazija, mwalimu wa udereva asiyeificha hofu yake

Jua ndiyo kwanza linapanda Mtambile, na Bi Kazija Soud ameshaweka kiganja juu ya breki ya mkono. Gari bado halijaondoka. Mwanafunzi wake, muuguzi Epifania kutoka bara, anamgeukia.

"Bi Kazija, mbona hata sijawasha?"

"Washa tu, mwanangu. Mkono huu uwache hapo hapo."

Wanaondoka taratibu. Mbele yao linajikokota gari la ng'ombe lililopakia matofali, na barabara inapinda nyuma ya mikarafuu. Epifania anapunguza mwendo, anabaki nyuma. Pikipiki mbili zinawapita kwa honi na kupotelea kwenye kona. Bi Kazija anafumba macho, anasikiliza. Kukiwa kimya, anayafumbua.

"Umefanya vyema," anasema.

Mama huyu amefundisha udereva kusini mwa Pemba kwa miaka tisa. Kiti chake ni cha kushoto, hakina usukani wala pedali. Akikosea mwanafunzi, yeye ana mikono miwili na dua.

"Mie n'naogopa kila siku," anasema. "Watu wakisikia mwalimu wa gari, hudhani ni jasiri. Wangeusikia moyo wangu!"

Zamani hakuwa hivi. Hofu ilimwingia msimu wa karafuu uliopita, kwenye kona hiyo hiyo.

Aliyeshika usukani siku ile alikuwa Hamdan, dereva wa bodaboda aliyetaka leseni ya gari. Alikuja na mazoea ya pikipiki: akiona upenyo, anajipenyeza. Walipolikuta gari la ng'ombe, Bi Kazija alimwambia asubiri.

"Nikamwambia, 'Mama, hapa pananitosha,'" anakumbuka Hamdan. "Nikatoka."

Lori likachomoza konani.

"Nilimwona dereva wake, kinywa wazi," anasema Bi Kazija. "Sikusikia honi wala kelele."

Aliuvuta usukani kwa mkono mmoja na breki kwa mwingine. Gari lilikata mbele ya pua za ng'ombe, likaacha lami, likasimama juu ya majamvi ya karafuu zilizoanikwa kando ya njia. Lori likapita kwa kishindo.

Mwenye karafuu, Bi Mwanapili, alitoka nyumbani kwake mbio. Karafuu zake hakuziangalia. Alipiga magoti, akachungulia chini ya gari.

"Mjukuu wangu alikuwa kakaa hapa," alisema. "Hapa hapa!"

Mtoto alikutwa uani, amekwenda kunywa maji. Lakini muda ule kabla hajaonekana, Bi Kazija bado hawezi kuusimulia bila kushika kifua. "Nilimwomba Mungu anichukue mie kwanza."

Aliporudi nyumbani alilifunika gari kwa turubai. Wiki zikapita. Hata kupanda gari la mtu mwengine hakuthubutu. Alikwenda sokoni kwa miguu, na kila aliposikia mngurumo wa lori aliingia mtaroni.

Siku moja Bi Mwanapili alibisha hodi. Bi Kazija alidhani amekuja kudai karafuu zake.

"Karafuu ni mali, hutafutwa," mgeni alisema. "Nimekuja kwa jambo jengine. Yule kijana atapata leseni kwa mwalimu mwengine, kisha atapita tena mlangoni pangu. Nani atamfundisha kusubiri, kama si weye uliyeona?"

Kesho yake Bi Kazija alimwita Hamdan. Somo lile halikufanyika garini. Alimpeleka kwa Bi Mwanapili, wakakaa chini kando ya majamvi asubuhi nzima, wakitazama magari yanavyotokea konani.

"Sikujua gari huja vile ukiwa umekaa chini," anasema Hamdan, ambaye sasa anaendesha gari la mizigo. "Lilipopita la kwanza, nilisimama nikataka kukimbia. Mwalimu akanambia, 'Kaa. Wenzio hawana pa kukimbilia, hapa ndipo kwao.'"

Tangu hapo kila mwanafunzi wake huanzia pale, Epifania naye. Wapo wanaomcheka, na wapo waliomkimbia wakatafuta mwalimu mwepesi zaidi. Hajawafuata.

Kazi ngumu kuliko zote bado iko mbele yake. Binti yake, Khairat, amemaliza shule na anataka kufundishwa gari.

"Kila akiniuliza, namwambia wiki ijayo," anasema nyumbani kwake baada ya somo. "Wanafunzi wa watu nawapeleka. Huyu wangu mmoja bado siwezi."

Khairat, aliyesimama mlangoni, anadakia: "Mama, Mfunguo Mosi umesema, Ramadhani ikisha tu!"

"Nimesema, inshallah. Tutaanzia kwa Bi Mwanapili kama wengine."

Je, akishamfundisha binti yake, hofu itapungua? Bi Kazija anamtazama Khairat, kisha anatazama barabara.

"Itazidi," anasema. "Lakini nikimwacha afundishwe na mtu asiyeogopa, nitalala vipi?"